Pole ya Alhamisi

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya madawati mabovu,
bado kinanuka mbao na popo.
Feni moja, mashine moja inayokubali, wanafunzi arobaini na mmoja,
na Mwalimu Shemdoe amebana waya kwa vidole viwili
kama anayemshika kuku wa jirani.

Alhamisi ya kwanza hatukuonana.
Tuliandika: saa nane.
Wenzetu wa Haapsalu, huko Estonia,
wakaamka na giza, wakakaa mbele ya kioo saa nane yao ya asubuhi,
nasi wakati huo tuko kwenye pembetatu za Mwalimu Kihiyo, saa tatu.
Saa nane yetu ilipofika, mabati ya Ngamiani yakilia kwa jua,
tukakuta neno moja limelala kwenye kioo:
Mpo?

Ikabidi Mwanakombo awaeleze
kwamba kwetu siku haianzi usiku wa manane, watu wamelala;
inaanza jua likichomoza, na saa moja ni saa moja ya mwanga.
Wakanong'onezana. Mvulana wao, Taavi, akapiga hesabu kwenye kiganja:
basi Desemba, akasema, siku yetu nzima ingekwisha saa sita.

Kiingereza cha pande zote mbili kilichechemea,
tukakisaidia kwa mikono.
Wakatuonyesha bahari iliyoganda, gari linapita juu yake, taa zinawaka.
Mbwana akasema, Waongo hawa. Bahari haina lami.
Wakatuuliza simba hupita njia ipi.
Simba tunamsikia redioni, akajibu Mwanakombo, akicheza na Yanga,
na hapa kwetu, hata hivyo, ni Coastal.
Hilo hawajalielewa mpaka leo.

Liisu ndiye aliyeuliza jina la mji.
Tanga ni tanga la chombo, akasema Mwalimu, na kengele ikalia.

Mwezi wa tatu Liisu akaja amefunga nywele, hacheki.
Bibi yake kafa Jumatatu.
Na sisi, bila mtu kuhesabu moja mbili tatu,
arobaini na mmoja kwa mpigo:
Pole.

Akainua uso. Semeni tena.
Tukasema tena, chini kidogo, tukidhani tumekosea.
Akaandika, herufi zikija moja moja:
kwa lugha yetu neno hilo maana yake ni hayupo.
Hakuna. Si.
Mmejuaje?

Feni ikazunguka. Mwalimu akauachia waya, akaushika tena.
Mimi nilikumbuka mkeka wa Barabara ya Kumi na Tatu,
mwaka baba alipofariki, watu wakiingia mmoja mmoja,
pole, pole, pole,
nami nikiitikia nishapoa, na sijapoa.
Miaka minne nimelipokea neno lile kama kikombe cha kahawa;
sikujua kuna mtu, huko kwenye baridi,
ambaye angelisikia kama nilivyolisikia mimi.

Mwanakombo akasogea karibu na kamera.
Kuna tanga jingine, akasema. Mwalimu alikupa nusu.
Mtu akifa tunaketi chini, siku tatu, nyumbani kwa wafiwa.
Tunaketi tu. Wengine wanacheza karata.

Hakungoja ruhusa. Akashuka kwenye kiti,
Mbwana akashuka, nami, safu ya nyuma nzima,
sketi za buluu kwenye saruji yenye vumbi la chaki,
Mwalimu mwisho, goti lake likilia.

Kamera ikabaki inatazama viti vitupu.

Mpo? ikauliza sauti ya Liisu.

Tupo, akasema Mbwana kutoka sakafuni. Tupo chini.

Kimya.
Kisha kule Haapsalu tukasikia kiti kimoja kikisukumwa nyuma,
halafu kingine.